Dakika Saba za Mwamini

Wewe ulipita. Usibishe, mlipita wengi. Basi la kwenda Lindi lilisimama Kibiti, ukafungua dirisha, ukanunua kifuko cha korosho za kukaanga, ukanung'unika kwamba zimeungua, kisha ukavuta pazia kwa sababu jua lilikuwa linakuchoma shavu. Upande ule ulioufunika ndio upande inakotokea barabara ya Kivumoni. Ungeinua macho kidogo ungewaona watu wamekalia magunia yao, na pengine ungejiuliza wanangoja nini. Hukujiuliza. Haya, leo huna dirisha wala pazia. Sikiliza.

Kivumoni ni pale barabara ya mchanga inapochoka, ikakutana na mkono mmojawapo wa Mto Rufiji unaoelekea mikokoni. Watu wa Mahege na Dimani huteremka pale na baiskeli na mikokoteni. Watu wa visiwani hupanda pale na mitumbwi maji yakijaa. Katikati yao kulikuwa na kituo cha kununulia korosho: ghala la bati, mzani wa kuning'iniza, meza ya karani, na mkeka wa mchambuzi. Mchambuzi alikuwa Mwamini binti Dadi, aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za ushirika, akiwa bado mwari wa juzi.

Alichoma gunia kwa bambo, lile bomba lenye ncha, zikadondoka korosho kiasi cha konzi mbili. Akazitandaza mkekani, akapasua moja moja kwa kisu kutazama kiini. Nyeupe, daraja la kwanza. Yenye madoa, la pili. Iliyosinyaa, rudi nayo ukale na wanao. Gunia moja lingeweza kumchukua dakika nne, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake halikudanganyika. Lakini lilimchukua kumi na moja, na zile saba zilizozidi ndizo zilizomweka hai.

Dakika saba hizo alikuwa anauliza.

Mwaka wa themanini na tisa mwanawe wa pekee, Abdulkarimu, aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Walikuwa shambani, kijana amechoka na mama amechoka zaidi, magugu yamewashinda. Abdulkarimu akatupa jembe, akasema hawezi kuzeeka ameinama. Mwamini, mbele ya wanawake watatu wa shamba la jirani, akamzaba kofi. Kofi lingesahaulika. Yaliyofuata ndiyo yaliyobaki: "Nenda basi. Nenda ukaitafute dunia yenye mama mwingine." Kijana akalichukua shati lake tawini, limefuliwa asubuhi ile na bado bichi, akalivaa hivyo hivyo, akaenda. Mama alimtazama mgongo mpaka ukapotea kwenye kichaka cha mbungo. Akajua atarudi kula. Akampakulia, akafunika kwa kawa. Chakula kikalala.

Tangu hapo watu wa Kivumoni waliacha kumwita Mama Karimu. Hawakukubaliana popote, kila mmoja kwa wakati wake aliona jina linamchoma, akaanza kumwita Bi Mwamini.

Sasa, kwa watu wale, mgeni hakabiliwi na swali la moyoni kabla hajapoa. Ni utovu wa adabu, na wengine husema ni uchuro: ukimtaja aliyepotea kwa pupa, utaletewa jibu usilolitaka. Kwanza unauliza habari za njiani. Halafu za wagonjwa, uwataje mmoja mmoja ikiwa unawajua. Halafu mvua. Halafu nguruwe na mihogo, halafu nani kazikwa na nani kaolewa. Mwisho, kisu kimeshatua na korosho zinarudi guniani, ndipo unalipitisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo. "Na huko mtokako, hamjakutana na kijana mwenye kovu kiwikoni, mkono wa kulia? Kovu la kuungua na mafuta ya ganda la korosho. Akicheka hufunika mdomo."

Miaka tisa, kila gunia. Walio nyuma kwenye foleni walijua, na hakuna aliyeguna, kwa sababu foleni nayo ilikuwa na shughuli zake. Wachumba walitazamana pale, dawa zilielekezwa, msiba wa Ngorongo ulifika visiwani siku tatu kabla ya barua. Mzee mmoja wa Dimani alikuwa akijisifu kwamba mke wa pili alimpata kwenye foleni ya Mwamini, na msimu uliofuata akaachwa kwenye foleni hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wa kwanza.

Mara moja tu lilikuja jibu. Mwaka wa tisini na nne mtu wa visiwani alisema yuko mkata nguzo za mikoko, huko ndani kabisa, ana kovu mkononi na hapendi kusema kwao. Mwamini alipanda mtumbwi siku mbili. Alimkuta mwanamume wa miaka arobaini mwenye kovu la panga. Alikula naye samaki, akamfulia shati lililokuwa limekakamaa kwa chumvi, akarudi. Walipomuuliza alisema yule naye ana mama.

Kisha likaja soko huria. Wewe ulilijua kwa redio na mitumba na soda za aina aina. Kivumoni walilijua siku bango la ushirika lilipong'olewa ghalani, misumari ikabaki ukutani. Wanunuzi wakaja kwa zamu, kila msimu na lori jipya, mpaka kampuni moja ikatulia, ikakodi vituo vitatu vya chama cha msingi, cha Kibiti kikiwamo, na kuwachukua watu wake: wapimaji, makarani, wachambuzi. Karani wa Kivumoni alikuwa Sixtus, Mmatengo wa Mbinga aliyeletwa na ushirika kwa miaka miwili akakaa kumi na miwili, akajifunza kula samaki na kujibu salamu hadi mwisho wake. Ndiye aliyepokea barua kwamba msimu huu wa tisini na nane atakuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mtaalamu atakaa kituoni siku tatu, atatazama kazi inavyokwenda, atapima kila jambo kwa saa, kisha kampuni itajua ifanye nini.

Hapo ndipo Kivumoni walipokosea, na hilo ni kosa la watu wenye adabu.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Sadallah, aliita watu akasema mgeni anakuja, na mgeni hakaribishwi kwenye vurugu. Akapeleka maneno vijijini: Dimani walete mizigo Jumatatu, Mahege Jumanne, visiwani Jumatano, na wasije wote kwa pamoja wakamjaza mgeni vumbi puani. Wagonjwa na wazee sana wakae nyumbani, asije mtu akamwangukia mgeni miguuni. Ghala likafagiliwa, mchanga mweupe ukatandazwa, chai ikachemshwa yenye iliki. Na Sadallah akamwendea Mwamini mkekani, akasimama kidogo, akakohoa. Akamwambia kwa upole sana kwamba yeye hana neno, ila mgeni anapima saa. Mwamini akamjibu kwamba ameelewa, siku tatu si nyingi.

Mgeni akaja. Aliitwa Vicky, binti wa miaka ishirini na sita hivi, suruali imejaa vumbi, saa ya kubonyeza imening'inia kifuani kama kipenga cha refa. Aliamkia kila mtu shikamoo, akakaa kwenye kigoda kando ya mkeka, akabonyeza saa yake. Mwamini akachoma, akapasua, akataja daraja, akarudisha. Dakika nne. Akachoma lingine. Wakulima walitoa magunia na kuondoka haraka, wengine hata chai hawakunywa, wakijiona wamemsitiri mgeni. Vicky akaandika kwamba hakuna msongamano.

Siku ya tatu alikuja mtu kutoka kambi moja ya visiwani ambayo Mwamini hakupata kuisikia. Uso mpya, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi. Mwamini alimwinulia macho, akahisi swali linapanda lenyewe. Akatazama saa kifuani mwa yule binti. Akalimeza. Yule mtu akaaga, akawahi maji kabla hayajapwa, na Mwamini akabaki ameshika korosho moja ambayo hakuipasua. Alijiambia mtu huyo atarudi msimu ujao. Mgeni ataondoka kesho, na kinywa chake yeye Mwamini kitafunguka.

Baada ya mwezi mmoja wakaitwa Kibiti, kwenye ukumbi. Kompyuta iliwekwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, nje jenereta linanguruma. Vicky aliwaomba wazee na wafanyakazi wasogee mbele, akaeleza bila haraka. Mle kiooni, alisema, wamo watu, si watu wa kweli, ni mawakala wa kompyuta. Kila wakala amepewa kazi yake na kanuni zake. Huyu ni mkulima, atafika na gunia. Huyu ni mchambuzi, atachukua dakika kadhaa. Huyu mpimaji, huyu karani. Hakuna anayewasukuma, unawaacha waishi, unatazama kazi inapita vipi na inakwama wapi. Kwa njia hiyo unajaribu jambo kwenye kioo kabla hujalijaribu juu ya watu.

Maneno hayo ya mwisho Mwamini aliyapenda. Alikumbuka mwaka ule wa mafuriko, yeye binti, walipotolewa mabondeni na kupangwa kwa mistari kwenye mwinuko usio na maji, mtu ameshika ramani akiwaambia hapa wewe, hapa wewe. Laiti wangekuwa na kitu hiki. Wangeanza na vijitu, wakaona kama vijitu vinalia.

Vikaanza kutembea. Vijitu vya kijani vilitokea kila upande na vimraba mgongoni, mto umechorwa mstari wa buluu ulionyooka, usiojaa wala kupwa. Msimu mzima ukapita watu wakiwa hawajamaliza kikombe cha chai. Ukumbi ulicheka kwa furaha. Kila mtu alitaka kujiona, na Sixtus alipoonyeshwa kijitu chake akasema angalau huko kimepungua kitambi.

"Yule wa njano ni wewe, Mama," Vicky alisema, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

Kijitu cha njano kilikaa peke yake. Gunia likaja, kikainama, gunia likaenda. Likaja, kikainama, likaenda. Mwamini alikitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Kisha macho yake, bila ya yeye kuyatuma, yakaanza kupita juu ya vile vya kijani, kimoja kimoja, yakitafuta chenye mwendo fulani, yakitafuta kinachofunika mdomo. Hata mle alimtafuta. Alipojigundua akashusha uso, akazikunjua ncha za kanga na kuzikunja tena.

Ndipo Vicky akabonyeza, kituo cha Kivumoni kikafutika pamoja na kile cha tatu. Vijitu vilisita kidogo, kisha vyote vikageuka na kushika njia ya Kibiti. Vilifika, vikapimwa, vikaondoka. Hakuna kilichokwama. Meneja wa ununuzi, bwana mmoja aitwaye Richard, mtu wa bara mwenye sauti ya taratibu, alisimama na kusema wote wamejionea wenyewe. Vituo vitatu vina watu wanaokaa bure. Msimu ujao kitabaki kimoja, hapa Kibiti, na lori litapita vijijini kuzoa mizigo pamoja na wenyewe.

Mwamini akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu.

"Yule si mimi," alisema.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha.

"Mimi dakika nne sijapata kuzifanya tangu nizaliwe. Tulikuonea haya, mwanangu. Tulikufagilia, tukawazuia watu wasije. Na mimi nilifunga mdomo siku tatu kwa ajili yako."

Vicky alimtazama Sadallah, na Sadallah alitazama kofia yake. Vicky akauliza kwa kawaida ni dakika ngapi. Aliyejibu ni Sixtus. Alisema amekaa meza jirani na mama huyu miaka kumi na miwili, ni kumi na moja, siku za mvua kumi na tatu.

"Na hizo saba ni za nini?" Richard akauliza.

Ukumbi mzima ulijua, lakini jambo hilo lilikuwa na mwenyewe.

"Nauliza," Mwamini akasema.

"Unauliza nini, mama?"

"Namuulizia mwanangu. Kila gunia."

Vicky, na hili asinyimwe, alirudi kwenye kompyuta bila kuambiwa na mtu. Akafuta nne, akaandika kumi na moja, akavirudisha vituo vyote na watu wote kwa kadiri Sixtus alivyomtajia, wote waliozuiwa. Akaanza upya. Kijitu cha njano kikainama, kikakaa. Nyuma yake vijitu vya kijani vikajipanga kumi, vikajipanga arobaini, vikafika mstari wa buluu, mwisho vikapandiana hadi vikawa doa moja. Mwamini alilitazama doa lile kwa shauku iliyomuumiza kifua. Alikuwa anakijua kila kilichokuwa kinasemwa mle ndani.

Richard alingoja mpaka mwisho, akampa pole kwa mwanawe, na alimaanisha. Kisha akasema mama amewasaidia sana. Sasa wameuona ugonjwa ulipo.

Watu walipokuwa wakitoka, Vicky alimfuata Mwamini barazani, nyaya zimeviringishwa mkononi. Alisema mle ndani ipo nafasi ya kuandika dakika, nafasi ya kuandika sababu haipo. Alitafuta pa kuiweka akakosa.

"Ungeniuliza siku ile ya kwanza," Mwamini alimwambia.

"Niliogopa nitakupotezea muda, Mama."

Kivumoni ikafungwa. Mzani ulipakiwa kwenye lori pamoja na meza ya karani na Sixtus mwenyewe, aliyepewa dawati Kibiti kwa msimu mmoja kabla ya kupunguzwa. Mkeka waliuacha, ulikuwa wake. Mwamini aliendelea kwenda. Alifagia baraza la ghala tupu, akakaa, akasikiliza bati likipanuka kwa jua. Msimu ulipofika, lori la kampuni likawa linapita mchana na watu juu ya magunia, naye akasimama kando ya barabara kuwauliza. Lakini mtu aliye juu ya lori hapoi. Unasema habari za njiani, naye yuko njiani. Unasema wagonjwa hawajambo, naye ameshakata kona. Mara moja alijaribu kuanza na lile la mwisho, akalipaza: kovu, kiwikoni. Walimpungia mkono. Akaenda Kibiti kwa miguu, akakuta kamba imefungwa, wasio na mizigo hawavuki. Dereva mmoja alimwambia akimwona mtu atampelekea salamu. Alisema kwa wema, kama unavyomwambia mtu mwenye homa. Akarudi kuishi ndani ya miezi isiyo na sauti, na usiku akilala aliota foleni.

Mwaka wa elfu mbili, mwezi wa sita, Mzee Sadallah alifariki kwao Mahege, na siku ya arobaini Mwamini alikwenda kusaidia kupakua. Kwenye mkeka wa wanaume wageni alikuwepo mtu mmoja asiyemjua, Bushiri, wa Ngorongo, mkwe wa ukoo ule. Mwamini alimwekea sinia, akachuchumaa mbele yake. Habari za njiani. Za wagonjwa. Mvua huko bondeni, na mpunga. Walizikwa wangapi. Bushiri alijibu moja moja kwa utulivu wa watu wa bonde. Kisha Mwamini akalipitisha: hajakutana na kijana mwenye kovu kiwikoni?

Bushiri aliuondoa mkono siniani taratibu, wali ukiwa bado vidoleni.

"Mkono wa kulia?"

"Wa kulia."

"Akicheka hufunika mdomo."

Mwamini alikuwa bado hajalisema hilo.

Aliyoyasimulia Bushiri ni haya. Alikuwa mlinzi Dar es Salaam, geti moja na Abdulkarimu, miaka sita, mmoja zamu ya mchana na mmoja ya usiku. Msimu uliopita aliomba ruhusa aje amsaidie baba yake, ambaye mikorosho yake iko huku mwinukoni, na ilibidi ayapeleke magunia mzanini. Siku ya kuondoka mwenzake alimshika bega. Alimwambia kule mzanini yupo mama mchambuzi, mama wa Kivumoni. Asimwambie kitu. Akiona anauliza, ndipo amwambie mwanawe yupo, na kwamba atakuja. Asipouliza, amwache, ajue kwamba mama ameshamfuta mwanawe.

"Nikafika Kibiti," Bushiri alisema. "Wakaniambia wa Kivumoni wote wamehamishiwa hapo. Nikaona wachambuzi wawili, mmoja mtu mzima, amejitanda kanga. Nikasema ndiye. Akachoma gunia, akapasua, akaandika, hakuniinulia macho. Nilisimama, mama, naapa. Nikajifanya nafunga kamba ya gunia mara mbili, mara tatu. Wakaniambia nisizuie foleni."

"Ukamwambia nini mwanangu?"

Bushiri alifuta wali vidoleni.

"Niliyoyaona. Nilimwambia nimefika mzanini, na hakuna aliyeniuliza."

Wanawake waliokuwa karibu waliweka masufuria chini. Mwamini hakulia pale. Aliomba kuelezwa njia ya hilo geti, akalirudia jina la mtaa mpaka likakaa. Kesho yake alipanda basi. Lile lile lako linalosimama Kibiti, safari hii likirudi Dar es Salaam. Kama ulikuwemo, alikaa kiti cha nyuma, ana mfuko wa rambo wenye mkate wa mchele na shati jipya alilolikadiria kwa mwili wa miaka kumi na tisa.

Geti lilikuwa la chuma, jeusi, refu kuliko ghala la Kivumoni. Mlinzi alikuwa mwingine. Mwenye nyumba alitoka mpaka kwenye kidirisha, mama mtu wa heshima zake, akasema ndiyo, kijana alikuwepo, mtulivu sana, hana tatizo na mtu. Aliacha kazi Desemba bila ugomvi, siku chache tu baada ya mwenzake kurudi kutoka kijijini. Abdulkarimu? Hapana, jina hilo halijui. Wao walimwita Kijana. Amekwenda wapi hakusema. Kwao ni wapi?

"Kwa kweli hatukumuuliza," alisema yule mama.

Miaka sita. Kijana huyo alimfungulia geti asubuhi na jioni, alibeba watoto wake wakiwa wamelala, alijua hodi ya kila mgeni wa nyumba ile.

Mwamini aliomba jambo moja, akakubaliwa. Aliingia kwenye kibanda cha mlinzi, akakaa kwenye benchi lake. Alitaka kuona alichokuwa anakiona mwanawe siku zote hizo. Palionekana ukuta wa mbele, kipande cha barabara, na mti usio na matunda. Alikaa pale hadi adhuhuri, kiganja chake kikipapasa ubao pale mtu alipokaa mpaka ukalainika, halafu akaondoka, kwa sababu zamu haikuwa yake.

Yuko Kivumoni hata sasa. Macho yamepungua lakini ulimi haujapungua. Kompyuta ilifanya kazi yake vizuri, kampuni iliuza na kuondoka, yule meneja yuko kwingine akionyesha vijitu vingine, na foleni ya Kibiti, wanasema, inakwenda haraka ajabu.

Na wewe? Una mtu getini. Kama si getini, yuko anayekufulia, anayekuchotea, anayekusukumia mkokoteni hadi mlangoni. Una mwaka naye, una miaka mitano, na unamwita Kijana, unamwita Dada, unamwita Wewe. Usiniambie utamuuliza Jumapili. Usiniambie yeye si mtu wa maneno. Hujapata kumpa nafasi ya kupoa. Weka chini hiki unachokisoma. Nenda sasa hivi, keti karibu naye, anza na habari za njiani, uende kwa wagonjwa, uende kwa mvua, usiruke hata moja. Kisha muulize mama yake anaitwa nani. Na akikutajia Mwamini binti Dadi, mwambie kwamba anauliziwa, hakupata kuacha kuuliziwa hata siku moja, na umpandishe basi leo hii.

Inuka.